Kutembea Bila Mzigo

Mke wangu alianguka Kibondo, kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, ameshika sahani ya pilau. Sahani haikumwagika hata punje. Alishuka nayo taratibu, akakaa chini, mkono wa kulia umeinua pilau juu, na upande wa kushoto wote umelala kama umeambiwa likizo imeanza. Shemeji yangu mmoja aliipokea kwanza ile sahani, ndipo akamshika mgonjwa. Mpaka leo namtania kwamba ingekuwa sahani ya maharage, mgonjwa angeshikwa kwanza.

Watu waliniuliza baadaye, ulijisikiaje? Nikawaambia nilisikia njaa. Niliuona mdomo wa mke wangu umeenda upande mmoja, nikawaza kwamba mimi bado sijala. Wazo lingine halikuja. Tulimpeleka hospitali kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kama gunia la mkaa, na dereva anapiga honi njia nzima, watu wanapunga mikono wakidhani sisi ndio maharusi. Mimi nikawapungia.

Daktari wa pale alikuwa kijana wa kuletwa, mtu wa Kilimanjaro, mpole, koti limemzidi mabega. Alituambia ni kiharusi, presha ndiyo imeleta. Wakamlaza, wakampa dawa, mdomo ukarudi karibu na mahali pake. Siku ya kutoka, daktari akanikalisha.

"Mzee, dawa ni nusu tu. Nusu nyingine ni miguu yake. Atembee kila siku asubuhi. Mahali tambarare, polepole, na asibebe kitu kichwani."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Aende wapi?"

"Popote, mzee. Atembee tu."

"Daktari, mwanamke wa Kiha hatembei tu. Anakwenda mahali."

Akacheka mpaka akavua miwani. Mimi sikuwa natania, na ni mara chache sana mtu anacheka wakati sitanii.

Kwetu mtu mzima ukimwona barabarani ana anakokwenda. Anakwenda shamba, mtoni, sokoni, msibani. Mwanamke ana kitu kichwani, kama si kikapu ni dumu, kama si dumu ni mzigo wa kuni. Ukimwona mikono mitupu, kichwa kitupu, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi, basi huyo ni kichaa au anatafuta mlango wa kumwekea mtu dawa mbaya. Na hiyo tambarare, nani ameiona Kasulu? Sisi tunaishi kwenye miteremko. Ukidondosha chungwa mlangoni kwako, unalifuata mpaka mpakani, na ukilikuta limeshaanza kusema Kirundi.

Tukarudi kwetu Kasulu. Alijaribu. Asubuhi ya kwanza alitoka mlangoni na kanga yake, akaburuta ule mguu mpaka kwenye mwembe wa jirani, akageuka, akarudi. Akageuka tena.

"Mama, unatafuta nini?" jirani akamwuliza.

Mke wangu hajui kudanganya, kazi hiyo nyumbani kwetu ni yangu. Akaona aibu kusema hatafuti kitu. Akasema, "Mbuzi."

Jirani akaacha sufuria jikoni, akaingia kwenye migomba kumtafuta mbuzi. Akaja mwingine. Wakaja vijana wa bodaboda, wakaja waliokuwa wanakwenda kanisani. Sisi hatujafuga mbuzi tangu dunia iumbwe. Kufika mchana mtaa mzima uko porini unaita mbuzi, na jioni, wallahi, wakamleta mmoja, dume, sijui wa nani, wakatudai pombe ya asante.

Mke wangu alikaa kwenye mkeka akamtazama yule mbuzi.

"Baba watoto, mimi sitoki tena. Nimewapotezea watu siku nzima."

Kweli hakutoka. Alikaa mlangoni siku zote, na mguu ule ukaanza kukonda peke yake, mwingine umebaki na unene wake. Mimi nikaendelea na vibarua vyangu vya kufyatua matofali. Nikirudi namsimulia ya huko nje, naongeza chumvi, naongeza na mawese. Alikuwa anacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nasikia kicheko chake kama redio ya nyumba ya pili.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tatu, kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, tulipoitwa mkutano wa mtaa. Aliyesimama ni bwana afya, mtu wa Tanga, ameletwa kwetu na serikali, Kiswahili chake kimenyooka utafikiri kimepigwa pasi. Akasema kuna wafadhili wana hela za kutengeneza bustani ya wananchi, pale kwenye uwanja wa zamani wa mnada wa ng'ombe. Bustani yenye nyasi, miti ya kivuli, viti, na njia ya kutembea kwa afya. Mji unajaa nyumba, akasema, na presha na sukari nazo zinajaa.

Watu wakalipuka.

"Hela ya kuotesha majani? Bwana afya, hapa ukitema mate yanaota!"

"Watununulie dawa!"

"Hela hii haina ruhusa ya kununua dawa," akasema. "Imekuja kwa kazi ya bustani. Tusipoipokea inakwenda mji mwingine."

"Basi itujengee vibanda vya biashara, nasi tutapanda ua moja mbele ya kila kibanda!"

Mzee mmoja wa upande wa juu, mbishi ambaye akikosa mtu wa kubishana naye hubishana na fimbo yake, akasimama. "Mlituambia tuchemshe maji, tukachemsha. Mkatuambia tujenge vyoo, tukajenga. Sasa mnasema tutembee bila safari. Mwakani mtatuambia tulale tumesimama!"

Hapo nikaona mkutano unakwenda na maji. Nikainuka.

"Wazee wangu, mimi nina mke, mnamjua, ndiye yule mliyemtafutia mbuzi." Kicheko. "Mguu wake mmoja umestaafu. Daktari amesema atembee tambarare. Mimi nimeitafuta tambarare Kasulu yote nimekuta mbili. Moja ni uwanja wa mnada, nyingine ni hii meza ya mwenyekiti. Kama mnakataa uwanja, basi mwenyekiti aondoe soda zake hapo juu, kesho namleta mgonjwa."

Mwenyekiti mwenyewe alicheka mpaka soda ikamtokea puani. Bustani ikapita. Bwana afya akaniambia kwa kuwa nimeitetea kwa mdomo nitaitetea na kwa ndoo, nikapewa kazi ya kulinda na kumwagilia. Kazi ya kwanza maishani niliyoipata kwa kusema kweli.

Wakaja mafundi, wakachonga njia ya moramu, ya mviringo kama ungo, wakaipanga matofali pembeni wakayapaka chokaa. Nikapanda ukoka na miche ya miti. Mbuzi wa mji mzima walipata habari kabla ya watu. Nililala na kuamka nafukuza mbuzi, mpaka wakawa wananijua kwa sauti, nikikohoa tu wanapanga foleni ya kuondoka. Bomba la maji na uzio havikuwepo. Bwana afya alinieleza vizuri: hiyo ni awamu ya pili. Wafadhili watarudi kutazama. Wakikuta watu wanaitumia bustani, wanaleta hela za bomba, uzio na mtu wa kupima presha palepale. Wakikuta mbuzi, wanafunga mkoba, na uwanja halmashauri itaupangia kazi nyingine.

"Kwa hiyo, mzee, mlete mama. Akija yeye watakuja na wengine."

Nikamleta. Alikubali kwa sababu pale kuna jina, bustani, na mtu akimwuliza anakwenda wapi ana neno la kujibu. Wakaja na wengine wenye magonjwa yao: mwalimu mstaafu mwenye sukari, mama mmoja mnene mwenye duka, katekista mwenye magoti mabovu. Na akaja bibi mmoja jirani yetu, mzee kuliko barabara zote za Kasulu. Huyo alikuja na jembe begani.

"Bibi, jembe la nini? Hapa hatulimi."

"Wewe nyamaza. Wakiniona nina jembe hawaniulizi kitu."

Basi asubuhi ya kwanza wakaanza kuzunguka, huyu kulia, huyu kushoto, kila mtu alivyopenda. Baada ya hatua chache mke wangu akakutana na bibi. Sasa salamu yetu sisi Waha mnaijua, si ya kurusha kwa mbali kama jiwe. Unasimama, unachuchumaa, unapiga makofi polepole, mwakeye, mwakeye, habari za nyumbani, za watoto, za waliolala, za mvua, za maharage, na mkubwa asipokuachia huinuki. Wakamaliza, wakaachana. Mke wangu akakutana na katekista. Wakachuchumaa. Akakutana na mwalimu. Kufika nusu ya duara anakutana tena na bibi, maana duara lina tabia hiyo. Utampita mtu mzima kimya kama umepita kisiki? Wakachuchumaa tena. Jua likapanda. Watu wote wako chini wanapiga makofi, njia imebaki inatembewa na kuku.

Bwana afya akafika na pikipiki yake, akashika kiuno.

"Jamani! Mazoezi gani haya? Salamu moja kwa siku inatosha!"

Katekista akainuka na magoti yake yanalia. "Bwana afya, kwa hiyo nikikutana naye mara ya pili nimfanyeje? Nimtukane?"

Pale njia inapoanzia alikuwepo mama mmoja Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anatoka na kibali chake kuja kuuza maandazi kwenye beseni. Alicheka mpaka akashika mti wangu mchanga, karibu auvunje.

"Papa, batu ya huku balivyo! Siye kule kwetu ni bonzhuu moya tu, siku inaisha. Nyinyi mutakufa na presha mungali mu salamu."

Jioni nikawaza, nikapata dawa. Kesho yake nikawaambia wote wazunguke upande mmoja. Mkifuatana hamkutani, hamkutani hamsalimiani. Bwana afya akanishika mkono, akaniita profesa. Lakini wote tulimsahau bibi. Bibi alikuwa mbele na jembe lake, na mwendo wa bibi ni huu: ananyanyua mguu, anaufikiria, anauweka. Kinyonga angempita na kumwambia tutaonana. Na kumpita mtu mzima wa umri ule, ukamwonyesha mgongo, ni kumwambia atangulie kaburini. Nani ataanza? Hakuna. Wote wakajipanga nyuma yake, mwalimu, mwenye duka, katekista, mke wangu na mguu wake, kimya, mmoja nyuma ya mwingine, wanazunguka kwa mwendo wa bibi.

Vijana wa bodaboda barabarani wakazima pikipiki, wakavua kofia. Dereva wa lori la muhogo akazima redio. Mtu mmoja mgeni, mfanyabiashara nadhani, akaja kwangu na uso wa huzuni, akanitia noti mkononi. "Pole sana, mzee. Ni nani aliyetutoka?" Nikamwambia ni mtu wa karibu. Ile rambirambi nikanunua maandazi yote ya Mkongo, wagonjwa wakala, na mwenye sukari akala mengi kuliko wote.

Ndivyo walivyotembea tangu siku ile. Bwana afya alikata tamaa kuwakimbiza. Na kwa mke wangu ule mwendo ulikuwa saizi yake. Angewekwa na vijana angebaki nyuma, angeona haya, angerudi mlangoni. Nyuma ya bibi hakuna anayebaki. Alikuwa anaondoka nyumbani kabla sijamwita. Mguu ukaacha kuchora mstari kwenye vumbi, ukaanza kuacha nyayo. Mwanzoni na mwishoni wanasalimiana kwa kirefu, hilo hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Mkono wake wa kushoto ulikuwa haufiki, alikuwa anapiga kofi kwenye paja lake kwa mkono wa kulia, na bibi anajifanya haoni. Kila asubuhi anaunyanyua ule mkono mbovu, unafika tumboni, unaanguka. Mpaka ukawa unafika kifuani.

Asubuhi moja ya baridi, baridi ile ya kwetu ambayo hata jogoo anawika amejifunika, nilikuwa nimeinama namwagilia mche. Nikasikia nyuma yangu makofi, pa, pa, pa. Bibi akapiga kigelegele kile cha wazee kisicho na meno. Nikageuka. Mikono miwili ya mke wangu ilikuwa imekutana. Alinitazama mimi, si bibi. Alitaka niseme neno, na mimi ndiye mtu wa maneno. Nikasema, "Angalia usinitishie mbuzi." Wakacheka wote. Nikarudi kwenye mche, nikamimina maji, shimo likajaa, yakamwagika kwenye viatu vyangu, nikaendelea kumimina.

Sijui kwa nini nakumbuka viatu.

Wafadhili wakarudi mwaka uliofuata. Mama mmoja mtu mzima, na kijana wa kupiga picha. Bwana afya alikuwa ametuagiza tuchangamke. Wakakuta msafara wetu na bibi mbele. Yule mama akatazama muda mrefu.

"Hawa wanafanya nini?"

"Mazoezi," bwana afya akasema, jasho linamtoka.

"Mbona hawapitani?"

Nikamweleza mimi. Nikamweleza salamu, nikamweleza bibi, nikamweleza mbuzi, nikaongeza kwamba mke wangu alipokuja alikuwa anabebwa kwa machela na watu wanne, na sasa anataka kugombea mbio za Taifa. Mama wa watu akafuta machozi ya kucheka. Akamwomba mke wangu amsalimie. Mke wangu akachuchumaa, akapiga makofi. Yule mama naye akachuchumaa na sketi yake, akashindwa kuinuka, tukamsaidia. Akasema awamu ya pili ipo, bomba litakuja, uzio utakuja, kipimo cha presha kitakuja. Akasema hii ndiyo sababu hela zinatolewa. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikaanza kuchimba mfereji wa bomba kabla bomba halijatoka dukani.

Halafu ukaja mwaka wa kumi na tano. Sisi tulikuwa tunangoja kampeni za uchaguzi, kofia na kanga za bure. Badala yake yakaja mabasi. Kule Burundi mambo yaliharibika, watu wakavuka, na mabasi yakawa yanapita mjini kwetu yanaelekea njia ya Makere, kambini Nyarugusu. Nilisimama barabarani na ndoo yangu. Dirishani unaona mama, mtoto, godoro limekunjwa, kuku, mtoto mwingine. Wengine walikuwa wanaita kwa Kirundi, maji, na Kirundi na Kiha ni mtu na mdogo wake, nikawa nasikia kila neno. Niliwapa maji ya miche. Miche ilikunywa siku nyingine.

Basi moja liliondoka na ndoo. Nikaagiza nyingine, ikaondoka nayo vilevile.

Magari ya misaada yakaujaza mji, meupe, yana antena ndefu kama yanavua samaki angani. Vyumba vya kupanga vikaisha. Mama Mkongo alikuja siku moja kuaga. "Papa, miye narudia kule kambini. Batu beko bengi, maandazi inaisha kabla sijaweka beseni chini." Akampa mke wangu mfuko wa mwisho, akamshika mkono ule wa kushoto. "Mama, usiache kutembea, eh? Hata kama bibi anakufinya na jembe."

Bwana afya akaja asubuhi moja kwa miguu, pikipiki ameiacha nyumbani. Nilijua. Mtu wa Tanga akitembea kwa miguu kuna jambo.

"Mzee, hela za awamu ya pili zimehamishwa."

"Zimekwenda wapi?"

"Kambini. Kule watu wanalala chini, mvua inakuja. Wafadhili ni walewale, mfuko ni uleule."

"Sawa."

"Na uwanja huu umeombwa, malori ya mahema na chakula yanataka pa kuegesha. Zaidi ya hapa hakuna tambarare nyingine."

"Ni kweli. Labda meza ya mwenyekiti."

Hakucheka. Alitaka nibishane naye, nadhani, ili anijibu. Lakini nitambishia nini? Niliwaona kwa macho yangu wale watoto madirishani. Nimwambie mke wangu ana mguu, na wale hawana nyumba? Nilitafuta hasira ndani yangu kama mtu anavyotafuta kiberiti gizani, anapapasa mfuko huu, mfuko ule. Hakuna. Nikamwuliza kama nihamishe viti au nivilaze. Akasema nivilaze.

Malori yakaingia. Njia ya moramu ikawa mifereji ya matairi, ukoka ukawa mweusi kwa oili. Miche niliyoilinda na mbuzi wa nchi nzima ikakanyagwa asubuhi moja na mtu anayerudi kinyumenyume. Madereva walikuwa watu wema. Niliwaomba, wakakubali wagonjwa waje mapema kabla hawajawasha injini. Mwalimu hakuja. Mwenye duka alikuwa na wateja kuliko alivyowahi kuota. Bibi alikuja mara moja, jembe lake likagonga kioo cha lori, akageuka akarudi kwake. Akabaki mke wangu na mimi.

Tukazunguka katikati ya magurudumu yaliyomzidi kimo. Nilitangulia mimi, nikajitahidi kutembea kama bibi, nikanyanyua mguu, nikaufikiria. Nilitaka acheke. Akafika kwenye mfereji wa tairi, mguu ukaingia, akashika bodi ya lori. Akasimama hapo.

"Nirudishe nyumbani."

"Bado nusu tu."

"Baba watoto, nitamsalimia nani humu? Siwezi kusalimia malori."

Nikamrudisha. Kesho yake nikamwambia tuzunguke nyumba yetu basi, uani, polepole. Alinitazama kama nimemwambia tule udongo. Mwanamke anazunguka nyumba alfajiri? Majirani wangesema anaifunga kwa dawa. Nikamwambia nitazunguka naye, watatusema wote wawili. Akasema, "Wewe wanakujua ni mwongo. Mimi wananijua." Akakaa mlangoni kwenye mkeka wake.

Nikampa hadithi. Nilimwambia malori yamezaa. Nilimwambia dereva mmoja amempeleka bibi Dar es Salaam kwa bahati mbaya, alikuwa amelala kwenye mahema. Nilimwambia bwana afya anakuja na bomba amelibeba kichwani, kichwani kwa sababu mikono imejaa uzio. Alikuwa anatabasamu kwa adabu, kama mgeni anayepewa chai asiyoitaka. Alikuwa bado anasalimia waliopita, lakini amekaa, na aliyekaa salamu yake ni ya mdomo tu. Mvua za mwisho wa mwaka zikaanza, barabara ikawa tope, waliopita wakapungua.

Alianguka mara ya pili ndani, asubuhi, hakuna harusi, hakuna sahani. Nilikuwa nje nakata kuni. Nilipoingia alikuwa upande wa kitanda, macho yako wazi, na pande zote mbili zimelala safari hii. Nilimfunika miguu kwanza. Halafu nikaenda kuita watu.

Hospitali ya Kasulu ilikuwa imejaa mpaka kwenye korido. Daktari alikuwa mwanamke, simfahamu, wa kuletwa naye, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimpima, akaniuliza habari zote kwa haraka.

"Dawa alikuwa anakunywa?"

"Alikuwa anakunywa."

"Alikuwa anatembea?"

"Alikuwa anatembea."

"Mpaka lini?"

"Mpaka miezi michache iliyopita."

"Kwa nini aliacha?"

Hapo ndipo watu wangu wote waliokuwa koridoni wakanitazama, wakangoja. Shemeji yule wa Kibondo alikuwepo. Walijua nikiulizwa jambo dogo naleta mzinga wa maneno. Na maneno yalikuwepo, nilikuwa nayo yote, ya bibi, ya mbuzi, ya mama wa wafadhili na sketi yake. Yalikaa palepale.

"Uwanja ulipata kazi nyingine," nikasema.

Daktari akaona nimemaliza, akaenda kwa mgonjwa wa pili.

Nesi alinionyesha jinsi ya kumlisha. Uji mwepesi, kijiko kidogo, kichwa kimeinuliwa kwa mto, umwekee upande wa kulia maana koo la kulia linafanya kazi kidogo, na usimharakishe. "Na ukiwa unamlisha uongee naye, mzee," akasema. "Anasikia." Shemeji akasema, "Kwa hilo umempata mtu mwenyewe."

Nilishika bakuli. Nje mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ningesema uongo wowote usingesikika. Nikapuliza uji, nikaweka kijiko, nikangoja. Koo lilipanda, likashuka. Nikamwambia, "Umemeza." Nikachota kingine.